Aliyetaka Kupika Mawe

Pale Maramba tulikuwa na mtu aliyeonja udongo kwa ulimi hadharani, kisha akamwambia mwenye shamba, mbele ya mkewe na watoto wake, kwamba ardhi yake imechacha kama maziwa ya juzi. Watu wengine wakifika kwako hupiga hodi, huuliza hali, hukubali maji ya kunywa. Yeye alianza na udongo. Salamu ilikuja baadaye, kama alikumbuka.

Tulimwita Bwana Shamba, kwa sababu ndiyo kazi aliyoletwa kuifanya kwetu, na alipostaafu hatukuona haja ya kumtafutia jina jipya. Kustaafu kwenyewe kulikuwa kwa karatasi tu. Sauti haikustaafu. Ilikuwa sauti ya mkutano wa hadhara, na alikuwa nayo hata akinunua chumvi. Akiwa na mtu mmoja tu mbele yake bado alisema "ndugu wananchi", na huyo mmoja aligeuka nyuma kuangalia wenzake wako wapi.

Mimi nilikuwa jirani yake, tumetenganishwa na ua wa michongoma. Mbele ya nyumba nilikuwa na kibanda cha chai na maandazi, na nyuma nilikuwa na shamba la mahindi na maharage nililoachiwa na baba, Mlutheri wa milimani aliyeteremka kukata mkonge akasahau kurudi kwao. Bwana Shamba alikunywa chai kwangu kila asubuhi, na kila asubuhi alinifukuzia mteja japo mmoja. Siku moja kibanda kimejaa, watu wanakula chapati na maharage, akasimama mlangoni akaunguruma:

"Mama Neema! Nimepita nyuma huko. Maharage yako yanaumwa!"

Vijiko vikatuliwa. Yeye alikuwa anasema ya shambani. Wateja wangu walielewa ya kwenye sahani, na mmoja akatoka nje kutema.

"Shikamoo, Bwana Shamba," nikamwambia, ili nimkumbushe kwamba kuna kitu kinaitwa salamu.

"Marahaba. Majani yamekuwa njano. Ni tindikali hiyo. Udongo wako unataka chokaa."

Kwake yeye kila kitu kilitaka chokaa. Mahindi yamedumaa, chokaa. Ndizi zinaoza mizizi, chokaa. Mchwa wanapanda michungwa, paka shina chokaa. Nyanya zina ukungu, changanya mrututu na chokaa. Nadhani kama ungemwendea na kesi ya ndoa angekuuliza kwanza nyumba ilipakwa chokaa lini.

Kufundisha hakukuwa na mahali wala saa. Alipozikwa mume wa Bi Mwanaidi, mwenye shamba la bondeni, wachimba kaburi walipofika chini Bwana Shamba alichungulia, akaokota donge la udongo, akalivunja, akaliweka ulimini. Maalim alikuwa ameshaanza dua. Bwana Shamba, kwa sauti aliyoiona kuwa ya chini, akasema, "Jamani, tazameni. Hata huku chini kumechacha." Waliokuwa wamebeba jeneza walimtazama kwa macho ambayo, kama macho yangekuwa na mkono, angeingia yeye kwanza.

Maneno hayo yalimfika Bi Mwanaidi ndani alikokaa eda. Kila mtu alingoja amchambe. Bi Mwanaidi alikuwa mwanamke mfupi, mkavu, mwenye ulimi uliowahi kumfanya karani mmoja wa ushirika aombe uhamisho. Eda ilipokwisha akajitanda kanga yake, akaja moja kwa moja kwenye kibanda changu, akamkuta Bwana Shamba ana andazi mdomoni.

"Haya, nimetoka," akasema. "Huo udongo uliouona kaburini kwa marehemu wangu una nini?"

Bwana Shamba alimeza andazi zima. Nadhani katika miaka yake yote ya kazi huyo alikuwa mtu wa kwanza kumuuliza swali. Wengine tulikuwa tunajibiwa bila kuuliza.

Niseme pia habari za shamba lake mwenyewe, maana haki itendeke. Lilikuwa shamba baya kuliko yote ya kata ile. Magugu yalisimama kama walinzi, na mbuzi wa majirani waliingia na kutoka kama wana mkataba. Ukimuuliza alikujibu kwamba daktari hajitibu. Jembe alilishika vile bwana harusi anavyoshika upanga, yaani wakati wa picha. Vilevile aliwacheka sana wenzetu waliozindika mashamba yao kwa vibuyu, aliwaita watu wa gizani. Lakini yeye mwenyewe hakupanda mbegu siku ya Jumanne hata kama mvua inamwagika, na ukimuuliza kwa nini, alisema ni sababu za kitaalamu.

Sasa hiyo chokaa aliyoihubiri ilikuwa itoke wapi? Hapo ndipo lilipoingia tanuri.

Ukiteremka kutoka Maramba kuelekea pwani, chini ya lililokuwa shamba kubwa la mkonge, kuna bonde, na bondeni palikuwa na mnara wa mawe, mnene, umesimama kimo cha mnazi mchanga. Juu ulikuwa wazi kama chungu, chini una mlango wa upinde ambao mtu mzima aliingia kwa kuinama. Mkuyu ulikuwa umeota ubavuni ukaukumbatia kwa mizizi. Sisi wote, Wadigo, Wabondei, Wasambaa na wakuja kama ukoo wangu, tulijua bila shaka yoyote kwamba ule mnara ulijengwa na Mjerumani ili afiche dhahabu. Kila familia ilikuwa na binamu aliyemjua mtu aliyewahi kuiona ramani. Shekue, kijana wetu wa bodaboda, alikuwa na kipimo cha madini alichoazima Korogwe. Kipimo hicho kililia kwenye mnara, kikalia kwenye pikipiki yake, kikalia pia juu ya sufuria yangu ya chai. Shekue alihesabu kilio cha kwanza tu.

"Hili ni tanuri la chokaa," Bwana Shamba alituambia siku zote. "Mawe yalitoka kilima kile. Yalipangwa humu, kuni tabaka, mawe tabaka, yakachomwa mpaka yakawa mepesi. Ukiyanyunyizia maji yanachemka yenyewe, yanavunjika unga. Unga ukamwagwa kwenye mkonge. Mkonge unakula chokaa kuliko nyie mnavyokula pilau ya maulidi. Unga ukapakwa kwenye nyumba, kwenye michungwa, kwenye josho la ng'ombe. Hili ndilo lilikuwa jiko la ardhi yote hii!"

"Yaani Mzungu apande meli kwao huko," Shekue akasema, "aje mpaka hapa kupika mawe?"

"Ndiyo."

"Mawe."

"Ndiyo, Shekue."

Shekue alitutazama sisi wengine kwa huruma ya mtu anayeona mzee mzima anadanganya bila kupanga vizuri.

Lakini ukweli wa mashamba yetu tuliuona. Kampuni iliyolima mkonge ilipoondoka tuligawana ile ardhi ya mkonge na mapori ya juu yake. Miaka ya mwanzo tulivuna tukafurahi, tukalima tena na tena palepale, mvua zikaosha, na kila msimu mahindi yakatoka mafupi kuliko ya msimu uliopita. Bi Mwanaidi alikuwa wa mwisho kabisa. Mahindi yake yalitoa magunzi ya kuchezea watoto. Bwana Shamba alisema tumerithi shamba lakini jiko hatukulirithi. Alitaka tanuri liwashwe tena.

Mkutano wa kijiji uliojadili jambo hilo ulikuwa wa kukumbukwa. Nusu ya watu walisema mzee anataka kuchoma mnara ili dhahabu iyeyuke itiririke chini, aikinge usiku. Nusu nyingine ilikuwa haijafikiria hilo, na ilipolisikia ikaona lina akili. Mwishowe Bi Mwanaidi akasimama.

"Mimi shamba langu limekufa," akasema. "Mwenye dawa nyingine ailete sasa hivi nimsikie. Kama hana, mwacheni mwendawazimu huyu apike mawe yake. Sisi tutapoteza nini?"

Bwana Shamba alifurahi sana kutetewa, akatoa shukrani ndefu, ile sehemu ya mwendawazimu akairuka. Kijiji kikakubali kwa sharti kwamba patakuwa na kamati ya ulinzi itakayokaa pale tangu moto unawaka mpaka unazimika, kuangalia kama kuna chochote cha rangi ya njano kinatoka. Shekue akawa mwenyekiti wa kamati.

Basi wakafagia popo, wakakata mizizi iliyoziba mlango, wakakusanya kuni bila kugusa msitu: mabanzi ya kiwanda cha mbao, vifuu vya nazi kutoka huko chini, mashina ya michungwa iliyozeeka. Mawe yakavunjwa kilimani yakaburutwa kwa mkokoteni wa punda. Bwana Shamba hakuvunja hata moja. Alisimama juu ya kichuguu akiwa na kofia yake ya pama na kuelekeza. Siku ya kuwasha alielekeza mpaka sauti ikakauka, na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu tulisikia ndege wa pale bondeni.

Tanuri liliwaka kucha na kutwa, siku baada ya siku. Moshi ulikwenda mpaka mjini Maramba watu wakafunga madirisha. Lilipopoa, wakafungua mlango wa chini, na mawe yakatoka meupe, mepesi, yakigongana kama vigae. Kamati ya ulinzi ilikagua kila jiwe. Hapakuwa na dhahabu. Shekue akasema itakuwa imegeuka rangi, akajaza mawe kwenye mfuko wa sandarusi, akaufunga nyuma ya pikipiki ili akayapime zaidi nyumbani.

Njiani mvua ikamshika. Chokaa ambayo haijazimwa ikikutana na maji inachemka, jambo ambalo Shekue alikuwa ameelezwa mara nyingi na mtu ambaye yeye Shekue alizoea kutomsikiliza. Nilimwona anapita mbele ya kibanda changu, mfuko unafuka moshi, siti inafuka moshi, suruali inafuka moshi. Akasimama, akaruka, akachukua ndoo yangu ya maji akaumwagia ule mfuko ili kuuzima. Hapo ndipo ulipochemka kweli. Shekue akakimbia huku anapiga kelele kwamba ni jini la Mjerumani. Paja lake liliungua, akalala kifudifudi nyumbani kwao siku kadhaa, na Bwana Shamba akamtembelea kila siku, kumfundisha.

Laiti mambo yangekomea kwenye paja la Shekue.

Chokaa ile ilitakiwa inyunyiziwe maji kidogo kidogo, igeuzwe, iachwe ipoe mpaka iwe unga baridi kabisa. Kisha imwagwe kiasi, ichanganywe na udongo, ndipo mtu angoje kabla ya kupanda. Bwana Shamba alituambia hayo yote yeye mwenyewe. Aliyasema vizuri sana. Kisha ikaja habari kwamba wageni kutoka wilayani, waliosikia kuna mstaafu amefufua tanuri, watakuja kutazama shamba la mfano.

Kuanzia saa ile utaalamu ulihama, mahali pake ukakaa ujiko, ile tamaa ya kusifiwa. Shamba la mfano lilikuwa la Bi Mwanaidi. Bwana Shamba alitaka wageni wakifika waone weupe. Chokaa ikatolewa bado ina moto ndani yake, ikamwagwa nyingi hadi bonde likawa kama limeangukiwa na unga wa ngano, na mbegu zikapandwa papo hapo, kwa sababu wageni wasingekuja kutazama shamba tupu.

"Bwana Shamba," Bi Mwanaidi akauliza, "si ulisema kidogo?"

"Hii ni ya maonyesho, Bi Mwanaidi."

"Na mbegu zangu nazo ni za maonyesho?"

Wageni walikuja. Walipiga makofi, wakapiga picha, wakala kuku, mmoja akalalamika viatu vimechafuka, wakaondoka. Hatukuwaona tena. Bwana Shamba alizunguka siku nzima na kofia mkononi kama mtu aliyetoka kuposa akakubaliwa.

Maharage hayakuota. Mahindi yalichungulia, ncha zikaungua, yakarudi chini. Ilikuwa masika, mvua nzuri kuliko zote tulizowahi kuona kwa miaka, mashamba ya jirani yakawa na angalau kijani cha kudanganyia macho. La Bi Mwanaidi lilikaa jeupe na tupu. Nilimkuta amesimama katikati yake, na Bwana Shamba pembeni, kofia kichwani.

"Ulisema utanipikia mawe," Bi Mwanaidi akamwambia. Hakupaza sauti. "Umepika na mbegu."

Kisha akaondoka. Mimi nilibaki pale na yule mzee, na kwa kuwa nilikuwa nimengoja miaka mingi nimwone amenyamaza, nilidhani nitafurahi.

Kesho yake asubuhi hakuja kunywa chai. Wateja walikula maharage kwa amani. Kesho kutwa yake akapita mbele ya kibanda amebeba jembe. Mtu mmoja akaangusha kikombe. Tukamfuata, mimi nikiwa nimeacha jiko linawaka, kwa sababu jambo lile hata ukisimuliwa huwezi kuamini. Alikwenda moja kwa moja bondeni, akavua koti, akaanza kulima shamba la Bi Mwanaidi. Alilima amevaa shati la kazini lenye mifuko minne na viatu vya ngozi. Alikuwa anakata udongo kama mtu anayeua nyoka.

Bi Mwanaidi alikuja na kigoda chake, akakaa chini ya kivuli cha ndizi, akamtazama.

"Mstari wako umepinda," akasema.

Bwana Shamba akarudia mstari.

"Bado umepinda. Marehemu wangu alikuwa na jicho moja na hakupinda hivyo."

Akarudia tena. Watu walikuja na watoto, wengine na miwa ya kutafuna. Alikuja siku ile, na iliyofuata, na zote zilizofuata. Aliifukia ile chokaa chini kabisa, akaleta majani, akaleta samadi ya punda kwa mkokoteni, akailaza ardhi ipumzike inyeshewe. Mahindi machache yaliyotoka kwenye shamba lake mwenyewe, yale yaliyonusurika mbuzi, yalikuwa yanapita alfajiri kichwani kwake kwenda kwa Bi Mwanaidi, na mtu aliyetangaza hata kikohozi chake hakumwambia yeyote. Nilijua kwa sababu nawasha jiko mapema. Kuomba msamaha hakuomba. Nadhani maneno yale hakuwa amefundishwa chuoni.

Alipoanza kurudi kibandani, viganja vyake vilikuwa vimefungwa vitambaa.

"Mama Neema, kikombe chako kina moto sana."

"Ni chai, Bwana Shamba. Huwa hivyo."

Mvua za vuli zilipokuja, Bi Mwanaidi alipanda maharage. Yalitoka kijani cha kuumiza macho. Nilikwenda kutazama nikadhani nimepotea njia. Alivuna mpaka akaita watu wamsaidie. Ile chokaa iliyobaki kwenye tanuri, ambayo kwa wakati huo ilikuwa imepoa kabisa, watu waliifuata kwa mabeseni, safari hii wakamwaga kidogo kama ilivyosemwa. Masika yaliyofuata hata mahindi yangu yalinipita kimo.

Shukrani zilitolewa kwa wingi. Mchungaji wetu alisema ni maombi ya mfungo. Maalim alisema ni dua iliyosomwa bondeni. Muuza pembejeo alisema ni mbegu zake. Mgombea mmoja aliyepita na gari la vipaza sauti alisema ni yeye. Bwana Shamba alisikia yote hayo akiwa amekaa kibandani kwangu, mishipa ya shingo imemtoka.

"Ni chokaa!" akapiga meza. "Ndugu wananchi, ni chokaa!"

"Na Mungu," akasema mteja mmoja.

"Na Mungu ndiye aliyeumba chokaa!"

Tulicheka. Tulikuwa na akiba ya chakula, tulicheka kirahisi.

Muda si mrefu baada ya hapo alianguka, uani kwake, akiwa anamfukuza mbuzi. Upande mmoja wa mwili uliganda, na mdomo nao. Binti yake alikuja na gari akamchukua kwenda kwake Mabawa, mjini Tanga. Nilimfungia nguo zake. Shati la mifuko minne lilikuwa bado na udongo, sikulifua.

Alipokwisha ondoka, tanuri likabaki bila mtu wa kukemea watu. Shekue na wenzake waliingia na sururu. Walichimba chini ya mlango wa upinde, wakachimba kuelekea ndani, mvua zikaja zikalainisha, na mchana mmoja ubavu wa mbele ukashuka wote. Mguu wa Shekue ulivunjika mahali pawili. Tulimtoa akiwa mweupe kichwa hadi vidole, na kitu cha kwanza alichouliza ni kama tumeiona. Hatukuwa tumeona kitu. Kulikuwa na mawe, na chini ya mawe kulikuwa na majivu, na chini ya majivu kulikuwa na mawe. Watu walipomaliza kusikitika wakaanza kubeba. Mawe ya tanuri yale sasa ni misingi ya vyoo, ni mafiga, ni kizuizi cha mlango wa zizi la mtu.

Mwaka huu nilikwenda Tanga kutazamwa macho, nikapitia Mabawa. Binti yake alinipokea barazani, mwanamke mpole, sijui upole aliutoa wapi.

"Anaelewa kila kitu," akaninong'oneza. "Maneno ndiyo yanamsumbua. Na tafadhali, Mama Neema, habari za tanuri kuanguka hatujamwambia."

Nikamhakikishia kwamba mimi ni kaburi. Akaniacha naye, akaenda dukani kununua soda.

Alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki, fimbo katikati ya magoti. Amepungua. Nikamwamkia, akainua mkono wa kushoto.

"Bi Mwanaidi anakusalimu," nikasema. "Anasema mbegu zake hajazisahau."

Nusu ya uso ikacheka. Nikaendelea kuongea, kwa sababu mtu alipaswa kuongea, na aliyekuwa na kazi hiyo miaka yote hakuweza tena. Nikamweleza mvua, nikamweleza maharage, nikajisikia nahutubia. Akanikata kwa fimbo.

"Ta... nuri?"

Nilimtazama. Mtu aliyeniambia ukweli kuhusu maharage yangu mbele ya wateja.

"Limeanguka, Bwana Shamba. Walichimba wakitafuta dhahabu."

Alifumba macho. Kisha akafumbua.

"Nani... kaumia?"

"Shekue. Mguu. Anatembea sasa, anachechemea."

Akashusha pumzi. Nikasema, kwa uchungu wa kweli, kwamba basi tena, chokaa iliyobaki imekwisha, tanuri ni mafiga ya watu, na udongo utarudi kuchacha kama zamani. Akatikisa kichwa. Akatikisa tena, kwa hasira, akanyoosha fimbo nje ya baraza. Mkwewe, mume wa yule binti, alikuwa anaongeza chumba, na uani palimwagwa lori la kokoto, na chini ya kokoto palikuwa na vumbi jeupe.

"Hilo?" nikauliza. "Vumbi la kokoto?"

Akaitikia kwa kichwa. "Mawe... yale yale. Saga. Mwaga."

"Bila kuchoma?"

Akaitikia.

"Kwenye mashine za kokoto huko linapatikana siku zote?"

Akaitikia.

"Haliunguzi mbegu?"

Akatikisa kichwa. Haliunguzi. Linakwenda polepole, alionyesha kwa mkono, lakini linafika.

Nikakaa nikilitazama lile lundo. Nikaliona shamba jeupe la Bi Mwanaidi, na paja la Shekue, na mguu wa Shekue, maana huyo kijana ndiye aliyelipa zaidi. Nikaona mkokoteni, mabanzi, moshi, kuku waliochinjiwa wageni.

"Na wakati ule ulikuwa unajua?"

Aliangalia ukuta. "Nilijua."

"Sasa tanuri la nini, mzee wangu? Tanuri lilikuwa la nini?"

Mdomo ulihangaika. Jasho likamtoka kwenye paji. Mimi sikumsaidia neno, nilimngoja, kama yeye alivyozoea kutungojesha.

"Nilitaka," akasema, "nilione... linawaka."

Machozi yalikuwa yanamtoka jicho moja tu, lile la upande mzima. Mlango wa ua ukalia. Binti yake akaingia na soda, akatutazama mmoja mmoja.

"Mbona mmenyamaza? Anasemaje baba?"

"Anaulizia mvua," nikasema. "Nimemwambia bado."

Nikanywa soda, nikauliza kama kuna mfuko mtupu wa saruji, na kama mumewe ataniruhusu nichote vumbi kidogo. Binti akanipa, anashangaa. Nikainama uani kwa gauni langu la kwendea hospitali nikaanza kuchota. Nyuma yangu fimbo ikaanza kugonga sakafu ya baraza, kwa nguvu, kwa ghadhabu, haikomi. Nikageuka. Bwana Shamba alikuwa amenyanyuka nusu kutoka kwenye kiti, ananionyesha upande wa pili wa lundo, kwenye vumbi laini zaidi, na uso wake wote, hata ule upande uliokufa, ulikuwa unanifokea.